Kupunguza chenga za leza kwenye projekta ndogo: shajara ya mradi

Mahali pa kuanzia

Projekta hii ilikuwa ya LED. Moduli ya LED imetolewa, na mahali pake zimewekwa dayodi tatu za leza: nyekundu ya nanomita 638, kijani ya 520 na bluu ya 450. Chipu ni DMD (vioo vidogo vinavyoinama kuwasha au kuzima kila pikseli) ya inchi 0.2 yenye vioo 640 kwa 360. Hatua kutoka kioo hadi kioo ni mikromita 7.56, na kila kioo hulala digrii 12 kila upande.

Miale mitatu inaunganishwa kwa vioo viwili vya kuchuja rangi, inakusanywa kwenye doa la milimita 3 juu ya kitawanyishi (kipande chenye mikwaruzo kinachosambaza mwanga), inanyooshwa na lenzi ya fokasi ya mm 35, kisha inaingia kwenye safu ya vilenzi, kila kilenzi mm 0.5 kwa 0.28. Baada ya hapo kuna lenzi kusanyi ya mm 50, prizimu, DMD, na mwisho lenzi ya projekta ya fokasi ya mm 7.7, f/2.4 (yaani tundu lake ni fokasi gawanya kwa 2.4). Kwa umbali wa mita 1 picha ina upana wa sm 62, yaani ukuzaji wa mara 129 hivi.

Rangi zinatoka. Weusi ni mzuri. Lakini picha ina chenga, kama televisheni ya zamani antena ikigeuka, ila hizi hazichezi. Zimetulia palepale, na ukisogeza kichwa nazo zinasogea. Kabla ya kulaumu vumbi kwenye lenzi, anayevaa miwani aivue: picha itafifia lakini chenga zitabaki kali vilevile. Vumbi halifanyi hivyo. Chenga hazipo ukutani, zinatengenezwa ndani ya jicho lenyewe. Uso wa karatasi una mabonde makubwa kuliko urefu wa wimbi, kwa hiyo kila nukta ya retina hupokea mawimbi mengi yaliyochelewa kwa viwango tofauti. Mahali pengine yanajumlishana, pengine yanafutana.

Kipimo tunachotumia ni ukali wa chenga, C: mkengeuko sanifu wa mwangaza ukigawanywa kwa wastani wake. Leza safi juu ya skrini isiyovuruga polaraizesheni, yaani mwelekeo ambao mawimbi ya mwanga yanatikisika, hutoa C ya 1. Karatasi nyeupe huivuruga, na hilo peke yake hushusha C hadi 0.71. Ukiweza kuchanganya ruwaza N zisizofanana ndani ya muda ambao jicho linakusanya mwanga, C hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha N. Lengo letu ni C ya 0.05 kwenye nyeupe.

Wiki ya 1: kamera kwanza

Picha za simu hazifai kwa kazi hii. Simu hulainisha picha yenyewe, na chenga ndicho kitu cha kwanza inachofuta. Tunatumia kamera ya viwandani yenye pikseli za mikromita 2.4 na lenzi ya mm 50 iliyofungwa hadi f/16. Namba hiyo haikuokotwa: 50 gawanya kwa 16 ni mm 3.1, karibu sawa na mboni ya jicho kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Tundu likiwa kubwa kuliko hilo, kamera itakuonyesha chenga ndogo na laini kuliko zile anazoziona mtazamaji, na utasherehekea mapema. Kwa f/16 chenga moja ya kijani ina upana wa mikromita 8.3 kwenye sensa, yaani pikseli tatu na nusu. Zikishuka chini ya pikseli mbili kwa chenga, pikseli yenyewe inaanza kuwastanisha na C inasoma chini ya ukweli.

Mengine: muda wa kufungua ni milisekunde 50, faili ghafi, gama (marekebisho ya mwangaza ndani ya kamera) imezimwa, picha ya giza inatolewa, na mabadiliko mapana ya mwangaza, yaani katikati kung'aa kuliko kingo, yanaondolewa kwa kugawanya picha kwa nakala yake iliyofifishwa sana. Kamera iko mita 2 kutoka kwenye karatasi ya A4 iliyobandikwa ukutani. Tulipomulika karatasi hiyohiyo kwa balbu ya kawaida, C ilisoma 0.012. Hiyo ni kelele ya kamera yenyewe, na chini yake hakuna kinachopimika.

Somo la kwanza la kijani, kitawanyishi kikiwa kimesimama: 0.55. Ni chini ya 0.71 kwa sababu dayodi ya 520 si ya rangi moja kabisa, upana wake ni nanomita 1.5 hivi. Kwa kulinganisha tulimulika karatasi ileile kwa kalamu ya leza ya kijani ya 532, ile yenye fuwele ndani, tukapata 0.68. Kalamu hizo zina upana mdogo mno wa rangi, ndiyo maana projekta za mwanzo zilizotumia kijani cha aina hiyo ziliteswa na chenga. Tahadhari ndogo: kalamu za bei rahisi za 532 mara nyingi hazina kichujio cha infraredi. Jicho halioni kinachotoka, lakini kinaunguza.

Kuhusu usalama kwa jumla, miale yetu kabla ya kitawanyishi ni ya daraja la 3B, yaani inaweza kudhuru jicho ikiliingia moja kwa moja. Miwani ya kinga huvaliwa kila kifuniko kinapofunguliwa, na upangaji wa vioo hufanywa mkondo ukiwa juu kidogo tu ya kizingiti cha kuwaka.

Kwa nini kijani ndicho kilichoanza? Ili kupata nyeupe ya D65 (nyeupe sanifu ya mwanga wa mchana) kwa urefu wa mawimbi haya, uwiano wa nguvu ni takriban 1.5 za nyekundu kwa 1 ya kijani kwa 0.6 za bluu. Lakini jicho halipimi wati. Katika nyeupe hiyo kijani hubeba karibu asilimia 70 ya mwangaza, nyekundu 27, na bluu mbili au tatu tu. Saa moja ya kuhangaika na chenga za bluu ni saa iliyopotea.

Wiki ya 2: miraba kwenye picha

Tulipoondoa kitawanyishi kabisa kuona kipi ni kipi, picha nyeupe ilijaa miraba kama wavu wa mbu. Shaka ya kwanza iliangukia vioo vya DMD, kwa kuwa DMD ni kweli wavu wa kutawanya mwanga. Rula ilimaliza ubishi. Kwenye kijani, miraba ilikuwa na hatua ya mm 6.7 kwa mlalo na karibu mm 12 kwa wima. Kwenye nyekundu mlalo ulikuwa mm 8.2, kwenye bluu 5.8. Kitu kinachobadilika na rangi namna hiyo si umbo la chipu, ni mwingiliano wa mawimbi.

Hesabu: safu ya vilenzi hugawa mwali mmoja kuwa vipande vingi, kisha lenzi kusanyi huvirundika vyote juu ya DMD. Vipande vya leza moja vinafahamiana, kwa hiyo vikikutana huchora mistari yenye hatua ya urefu wa wimbi mara fokasi gawanya kwa upana wa kilenzi. Kwa kijani ni 0.52 mara 50 gawanya kwa 0.5, yaani mikromita 52 kwenye chipu. Zidisha kwa 129 unapata mm 6.7. Kwa wima kilenzi ni 0.28, ndiyo maana miraba imerefuka.

Tiba haimo kwenye vilenzi. Inatosha mwanga uingie kwenye safu ukiwa hauna ulinganifu (mawimbi kwenda kwa mpangilio mmoja) kati ya kilenzi na jirani yake, na hilo linahitaji doa kwenye kitawanyishi kinachotembea liwe pana kuliko urefu wa wimbi mara 35 gawanya kwa 0.5, yaani mm 0.036. Doa letu ni mm 3. Kitawanyishi kiliporudishwa na kutikiswa, miraba ilitoweka. Kikisimama inarudi, imefunikwa na chenga.

Doa hilo nalo lina mpaka wake. Likipita mm 3.4, miale inaingia kwenye kilenzi kwa pembe kubwa kuliko kinavyoweza kupokea, inavuja kwa jirani, na picha inapata vivuli vya pembeni.

Wiki ya 3: mota ya simu

Kitawanyishi cha kwanza kilikuwa kipande cha akriliki ya mm 2, mabaki ambayo watengeneza mabango huyatupa, kilichopigwa msasa namba 400 wenye maji upande mmoja. Kimeshikwa kwa vitone vinne vya silikoni kwenye pembe ili kicheze, na mota ya mtetemo ya simu, ile ya duara ya mm 10, imebandikwa juu yake kwa gundi. Fundi simu yeyote anayo kwenye kopo la mabaki. Kwa volti 3 inazunguka kama mara 200 kwa sekunde.

C ilishuka kutoka 0.55 hadi 0.44. Haikutosha, na kila mtu alikuwa na wazo lilelile: iende kasi zaidi. Volti zilipandishwa hadi 3.6. C: 0.44.

Kosa liko kwenye kufikiri kwamba mtetemo wa kasi ni mtetemo wa mengi. Kwa darubini ndogo tulipima njia ya kitawanyishi: duara la mikromita 120. Mzingo wake ni mikromita 377, na punje za msasa zina ukubwa wa mikromita 20 hivi, kwa hiyo ruwaza zisizofanana ni kama 19. Ukizunguka haraka unarudia zilezile 19 mara nyingi zaidi. Ni kama kuchanganya karata kwa kasi wakati mkononi una karata 19 tu. Kinachoongeza ruwaza ni urefu wa njia, na njia ndefu inataka silikoni laini zaidi, na silikoni laini zaidi inafanya kipande kigonge fremu.

Jambo la pili lililoonekana wiki hii: katikati ya mwanga uliopita kwenye kitawanyishi kulikuwa na kiini kikali. Msasa 400 uliacha vijisehemu vilaini ambavyo havikuguswa, na mwanga unaopita hapo haujatawanywa. Huo unabeba ruwaza moja tu hata mota izunguke namna gani. Piga msasa pande zote mbili, kisha uelekeze kwenye balbu ya mbali. Ukiweza kuiona balbu kama nukta, bado.

Wiki ya 4: tundu lisilojaa

Karatasi nyeupe iliwekwa sentimita 1 mbele ya lenzi ya projekta. Tundu la lenzi lina kipenyo cha mm 3.2, lakini mwanga ulijaza mm 1.9 tu za katikati. Hapa ndipo mradi ulipogeuka.

Jicho hupata ruwaza tofauti pale skrini inapomulikwa kutoka pembe tofauti. Pembe zinazopatikana ni zile zinazotoka ndani ya tundu la lenzi ya projekta, na zinahesabiwa kwa kulinganisha na pembe ya mboni ya jicho. Tuite uwiano huo K: upana wa pembe ya lenzi ukiwa juu ya skrini, gawanya kwa upana wa pembe ya jicho, kisha mraba wake. Lenzi ya mm 3.2 kwa mita 1 ni milirediani 3.2. Mboni ya mm 3 kwa mita 2 ni milirediani 1.5. K ni 4.55. Lakini kwa tundu lililojaa asilimia 60, K ya kweli ni 1.64 tu. Fomula ya Joseph Goodman, mtaalamu wa chenga za leza, inasema C ni kipeuo cha pili cha (M + K − 1) gawanya kwa MK, ambapo M ni idadi ya ruwaza za kitawanyishi. Weka M 19 na K 1.64, zidisha kwa 0.55 tuliyoanza nayo, unapata 0.44. Ndiyo namba tuliyoipima.

Kwa nini tundu halikujaa? Kitawanyishi kilitawanya digrii 10 kila upande. Kupitia lenzi ya mm 35 hizo ni mm 6.2 kutoka katikati ya safu ya vilenzi, ilhali ili kufikia f/2.4 kwenye DMD tunahitaji mm 10.4. Digrii zinazotakiwa ni karibu 17. Tulibadilisha msasa kuwa namba 220, pande zote mbili.

Baada ya hapo, kwa mota ileile ya simu: 0.29.

Bei yake ililipwa kwa mwanga. Kijani kinachotoka kwenye lenzi kilishuka kutoka miliwati 61 hadi 46, kwa sababu mkia wa mtawanyiko unapita nje ya safu ya vilenzi. Hapa watu wengi wa leza hukwama, kwa kuwa sifa kubwa ya leza ni etendu ndogo, yaani eneo la chanzo mara pembe ya kutawanyika kwake: mwanga wote unapita kwenye tundu dogo bila kupotea. Chenga zinatokana na udogo huohuo. Anayetaka kuzipunguza lazima aitumie etendu yote ambayo chipu inaruhusu, na kwenye chipu ya inchi 0.2 hiyo haifiki milimita za mraba 2 mara steradiani. Hakuna zaidi ya hapo, maana vioo vinavyolala digrii 12 havipokei koni pana kuliko f/2.4 bila weusi wa picha kuharibika.

Wiki ya 5 na ya 6: diski, na dari

Mota ya simu iliondolewa. Tulichukua feni ndogo ya kompyuta ya mm 40, tukakata mapanga yote na pembe moja ya fremu ili mwali upite, tukabandika diski ya akriliki ya kipenyo cha mm 40 kwenye kitovu. Mwali unapita mm 15 kutoka katikati. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, sehemu inayopita mwali inakwenda mita 4.7 kwa sekunde. Feni isiyo na mapanga hukimbia kuliko ilivyoandikwa, kwa hiyo tuliidhibiti kwa PWM, yaani kuwasha na kuzima umeme wake kwa mapigo ya haraka.

DMD hii hutoa rangi moja baada ya nyingine, basi katika zile milisekunde 50 za jicho kijani huwaka kama 17 tu. Hata hivyo, kwa muda huo diski imesogea mm 80, yaani ruwaza 4,000. M si tatizo tena.

C: 0.27. Kutoka 0.29.

Ndiyo, diski yote ile kwa 0.02. Fomula ilikuwa imeshatuambia: M ikiwa kubwa mno C inabaki 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha K, na kwa K ya 4.55 hiyo ni 0.47. Zidisha kwa 0.55, ni 0.26. Hapo ndipo dari ilipo, na hakuna kasi itakayoitoboa. Tuliacha diski kwa sababu nyingine: haigongi fremu, na gundi haichoki.

Matatizo mawili ya diski. La kwanza, picha ilipepesa taratibu, mara 10 kwa sekunde. Diski inazunguka mara 50, fremu ni 60, tofauti ni 10: tone la gundi lilikuwa limeganda kwenye njia ya mwali. Diski mpya ilikatwa, na safari hii gundi iliwekwa kidogo kwa ncha ya kijiti. La pili ni hatari zaidi. Diski ikisimama au ikibanduka, mwali mbichi unaweza kupita moja kwa moja hadi kwenye lenzi. Tumeweka kihisi cha mwanga chenye pengo moja kwenye diski. Kawaida hutoa mapigo 5 kila milisekunde 100, yakipungua chini ya 3 draiva zote (saketi zinazolisha dayodi umeme) zinakatwa. Tulijaribu kwa kushika diski kwa kidole, na ilikata.

Kisha likaja wazo la lenzi ndefu. Tundu lake ni kubwa, kwa hiyo K itakua? Haitakua. Kwa picha ya upana uleule lazima urudi nyuma kwa kiasi kilekile tundu lilivyokua, na pembe kwenye skrini inabaki milirediani 3.2. Pembe hiyo inaamuliwa na f ya mwanga kwenye chipu na ukuzaji, basi. Kinachobadilisha K ni chipu kubwa, picha ndogo, au mtazamaji kurudi nyuma. Picha ya sm 31 badala ya 62 ingeipandisha K mara nne. Aliyeomba projekta hakuomba picha ya sm 31.

(Kwa wanaotumia projekta za kuchora picha kwa mwali mmoja unaozungushwa na kioo kidogo: kila pikseli humulikwa kwa makumi ya nanosekunde tu, basi kitawanyishi kinachotembea hakina la kufanya ndani ya fremu moja. Katika milisekunde 50 una fremu tatu, yaani ruwaza tatu kwa bahati nzuri.)

Wiki ya 7: kijani tatu

Kama pembe zimekwisha, imebaki rangi. Ruwaza ya chenga hubadilika urefu wa wimbi unapobadilika vya kutosha, na "vya kutosha" hutegemea kina cha skrini. Kwenye karatasi mwanga huingia na kutoka kwa kina cha mikromita 100 hivi, kwa hiyo tofauti inayotakiwa ni mraba wa urefu wa wimbi gawanya kwa mara mbili ya kina hicho: nanomita 1.35.

Dayodi tatu za kijani zilinunuliwa pamoja. Miale yao inawekwa sambamba kwa vioo vidogo vya kukwepesha, kisha lenzi moja inaikusanya yote kwenye doa lilelile la mm 3. Vioo vya kuchuja rangi havifai hapa, rangi zinakaribiana mno.

C: 0.26. Karibu hakuna kitu.

Kupima urefu wa wimbi hakuhitaji chombo cha gharama. DVD tupu iliyobanduliwa tabaka lake la metali ni wavu mzuri: hatua ya mikromita 0.74. Kijani cha 520 kinatoka kwa pembe ya karibu digrii 45, na kwa umbali wa mita 2 kila nanomita inasogeza nukta kwa mm 3.8, mradi mwali umelengwa uwe nukta kali hapo ukutani. Dayodi zetu tatu zilitua ndani ya mm 2. Zilitoka kwenye fungu moja la kiwanda, zote 520 na kitu.

Leza tatu zisizojuana lakini za rangi moja hazisaidii tundu likishajaa, kwa sababu diski imekwisha kuzitumia pembe zote. Tuliagiza upya kwa kutaja urefu wa wimbi, tukapata 515, 520 na 524. C: 0.16. Nadharia ilikuwa 0.27 gawanya kwa kipeuo cha 3, yaani 0.156.

Kwa atakayefuata njia hii: dayodi ya kijani inataka karibu volti 6, wakati nyekundu inaridhika na 2.2 hadi 2.5, kwa hiyo chanzo cha volti 5 hakitaiwasha kijani sawasawa. Moja ya dayodi za fungu la kwanza ilikufa siku ilipofungwa. Waya wa kuunganishia ulikuwa umelegea, draiva ikapandisha volti kutafuta mkondo, na waya uliposhika vizuri kapasita ilimwaga chaji yote ndani yake kwa mara moja. Lehemu, usitumie vibanio.

Wiki ya 8: mapete mekundu

Nyekundu ilisoma 0.31, juu ya matarajio, na kwenye picha za kamera kulikuwa na mapete hafifu yanayozunguka katikati. Kwa macho matupu hayakuwepo. Hilo lilipaswa kutustua mapema, badala yake siku mbili zilipotea tukigeuza kioo cha kufunika DMD.

Mapete yalikuwa ya kamera. Ili sensa isijae tuliweka mbele ya lenzi kichujio cha kupunguza mwanga, kioo cha mm 1 chenye mipako ya metali. Mwanga unaorudi kati ya nyuso zake mbili unasafiri mm 3 zaidi. Nyekundu yetu ina upana wa nanomita 0.1 hivi, hivyo ulinganifu wake unafika mm 4, na mawimbi yanakutana yakiwa bado yanajuana. Kijani cha upana wa nanomita 1.5 hupoteza ulinganifu ndani ya mm 0.2, ndiyo maana hakikuonyesha pete hata moja. Kukiinamisha kichujio kulihamisha mapete tu. Kichujio cha kioo cheusi kinachonywa mwanga kiliyafuta, na nyekundu ikasoma 0.28. Imeongezwa dayodi ya pili ya nanomita 642: 0.20.

Wiki ya 9 hadi ya 11: kutikisa skrini

Kila kitu ndani ya projekta kimebanwa na K. Skrini haibanwi. Ukibadilisha vipengele vinavyotawanya mwanga, ruwaza zinabadilika bila kuuliza lenzi ni ya ukubwa gani. Kwenye kumbi za sinema zinazotumia leza za rangi tatu kutikisa skrini ni jambo linalofahamika, hasa skrini za fedha za 3D, ambazo hutunza polaraizesheni na hivyo hazipati hata ile 0.71 ya bure.

Skrini yetu ni karatasi nene nyeupe iliyogandishwa juu ya kitambaa, sm 70 kwa 45, ikavutwa kwenye fremu ya mbao. Nyuma yake spika mbili za kubandika zisizo na koni, ohmu 4, wati 10 kila moja.

Kwanza tulidhani mtetemo wa mbele na nyuma ndio unaofanya kazi. Sivyo. Skrini ikienda mbele na nyuma nzimanzima, nukta zote huchelewa kwa kiasi kilekile na ruwaza haibadiliki. Kinachofanya kazi ni mwinamo. Kwa mita 2 skrini ikiinama milirediani 0.75, mwanga unaorudi unahama mm 3 mbele ya jicho, mboni nzima. Hiyo ni ruwaza mpya moja. Kwa wimbi la urefu wa sm 20 juu ya kitambaa, mwinamo huo unapatikana kwa mtikisiko wa mikromita 24. Kwa ruwaza nyingi tulilenga mikromita 130, ambazo bado hazionekani kwa macho kama picha kucheza, kwa kuwa pikseli moja ukutani ni karibu mm 1.

Kwa spika moja ya Hz 22, picha iligawanyika. Kulikuwa na mikanda safi kabisa, na kati yake mikanda yenye chenga kama mwanzo. Wimbi lilikuwa limesimama: pale kitambaa kinapopanda na kushuka sana hakiinami hata kidogo, na hapo chenga zinabaki. Spika ya pili iliwekwa pembe ya mkabala ikiendeshwa kwa Hz 27, na masafa ya zote mbili yakafanywa yapande na kushuka taratibu kwa Hz 3. Mikanda ikatembea, kisha ikapotea. Fremu ilipigwa pedi za mpira mahali inapogusa ukuta, la sivyo ukuta wenyewe unanguruma.

Masomo ya mwisho, mita 2, tundu la mm 3.1, milisekunde 50: kijani 0.06, nyekundu 0.08. Nyeupe, baada ya kutoa kelele ya kamera, 0.05. Ukikaribia hadi mita 1 nyeupe inapanda hadi 0.09 na chenga zinaonekana kwa anayezitafuta, hasa kwenye anga la bluu iliyokolea na kwenye rangi tupu zisizo na umbo.

Yaliyo mezani: bamba la PTFE (plastiki nyeupe, ile ya Teflon) la mm 2 badala ya karatasi, kwa sababu kina chake kikubwa kinapunguza tofauti ya nanomita inayotakiwa, na upana wa dayodi moja ungeanza kuhesabika kama rangi kadhaa. Jaribio la kwanza lilionyesha herufi ndogo zikifutika kingo, kwa kuwa mwanga unatembea ndani ya bamba karibu mm 1 kabla ya kutoka, upana wa pikseli nzima. Bamba la mm 1 limeagizwa. Spika za nyuma ya skrini zinasikika kwenye chumba kimya. Zitajaribiwa kwa Hz 17 na 20.